Umeambiwa Una Kisukari: Mwongozo wa Miezi Mitatu ya Mwanzo

Mtu anayetoka kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na jina jipya la ugonjwa hubeba vitu vitatu mkononi, yaani cheti, pakiti ya vidonge na kadi ya tarehe ya kurudi, na kichwani hubeba maneno machache tu kati ya yote aliyoelezwa. Akifika nyumbani, jirani anamwambia aache ugali, shemeji anamletea chupa ya dawa ya majani, na mtoto anamsomea kwenye simu habari za watu waliokatwa miguu. Mimi nilipopata majibu yangu nilikaa siku tatu nikila mchicha na mayai ya kuchemsha tu, kisha siku ya nne nikashindwa, nikala chapati nne kwa mpigo. Kosa halikuwa chapati peke yake. Kosa lilikuwa kutaka kubadilisha kila kitu ndani ya wiki moja bila kujua lipi ni la haraka na lipi linaweza kusubiri.

Mwongozo huu unamhusu hasa mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya 2, ambacho ndicho kinachowapata watu wengi zaidi, na umepangwa kwa utaratibu wa kipi kifanywe kwanza. Hauchukui nafasi ya daktari wako, bali unakusaidia kuishi katika zile wiki nyingi ambazo daktari hayupo.

Hatua ya kwanza: hakikisha majibu na ujue una aina gani

Chukua cheti chako na usome namba. Kisukari huthibitishwa iwapo sukari ya damu iliyopimwa baada ya kufunga kula kwa saa 8 au zaidi imefika milimoli 7.0 kwa lita, au iwapo kipimo cha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, ambacho wahudumu hukiita HbA1c, kimefika asilimia 6.5. Kipimo cha wakati wowote kilichofika 11.1 nacho kinatosha, lakini kwa mtu mwenye dalili za wazi, kama vile kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara usiku, kupungua uzito na kuona ukungu. Kama hukuwa na dalili yoyote na ulipimwa mara moja tu, kwa mfano kwenye banda la upimaji wa bure, una haki ya kuomba kipimo cha pili kabla ya kukubali kuwa mgonjwa wa maisha. Mwenye selimundu, mwenye upungufu mkubwa wa damu na aliyeongezewa damu karibuni wamweleze daktari hali hiyo mapema, kwa sababu HbA1c inaweza kuwapa namba isiyo ya kweli.

Baadhi ya mashine husoma kwa miligramu badala ya milimoli, na watu wameshtuka bure kuona 126 walipozoea kuona 7. Gawanya namba hiyo kubwa kwa 18 utapata ile uliyoizoea.

Kisha uliza aina. Katika aina ya 1 kongosho limeacha kutengeneza insulini, yaani homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini itumike, hivyo mgonjwa, ambaye mara nyingi ni mtoto au kijana aliyekonda haraka, anahitaji sindano za insulini tangu siku ya kwanza na hawezi kukaa bila sindano hizo. Katika aina ya 2 insulini ipo, ila mwili hauisikii vizuri na kongosho limeanza kuchoka. Mama mjamzito aliyegunduliwa wakati wa ujauzito ana utaratibu wake mwingine, na asifuate mwongozo huu bila kuzungumza na kliniki ya wajawazito.

Hatua ya pili: ijue dawa yako kwa jina

Wengi wetu tumelelewa na dawa za dozi. Dawa mseto ya malaria humezwa siku tatu, dozi ikiisha ugonjwa umekwisha, na pakiti inatupwa. Mazoea haya ndiyo yanayowaponza wagonjwa wapya wa kisukari, kwa sababu sukari ikishuka hadi 6 wanadhani wamepona na wanaacha vidonge, wakati namba hiyo imeshuka kwa kuwa vidonge vinafanya kazi. Watu wachache huweza kupunguziwa au kuachishwa dawa baada ya kupunguza uzito mwingi, lakini uamuzi huo hufanywa pamoja na daktari huku vipimo vikiendelea.

Dawa inayoanzishwa mara nyingi ni metformin. Imeze pamoja na chakula au mara tu baada ya kula, kwa sababu tumbo tupu huilalamikia kwa kichefuchefu, gesi na kuharisha. Usumbufu huo kwa kawaida hupungua baada ya wiki moja au mbili, na ndiyo maana daktari huanza na kiasi kidogo na kukiongeza polepole. Ukizidi, usiache kimyakimya, bali rudi uulize kuhusu ile inayoyeyuka taratibu. Metformin ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Glibenclamide na dawa za jamii yake ni tofauti kabisa, kwa kuwa hulilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala, na hivyo anayeimeza asubuhi kisha akakimbilia shughuli bila kifungua kinywa anaweza kuanguka kabla ya saa sita mchana. Kwa hiyo lijue jina lililoandikwa kwenye pakiti, maana kujua tu kwamba ni vile vidonge vyeupe hakutoshi.

Kuhusu insulini, hofu iliyopo mitaani ni kwamba ukifikishwa kwenye sindano umefika mwisho. Ukweli ni kwamba kongosho la mwenye aina ya 2 hudhoofika kadiri miaka inavyokwenda, hata kwa mtu aliyejitunza, na sindano hurudisha kilichopungua. Huchomwa chini ya ngozi ya tumbo au paja, kwa kubadilisha mahali kila siku ili ngozi isifanye uvimbe mgumu. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya kugandishia, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena. Chupa inayotumika inaweza kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki 4 iwapo joto halizidi nyuzi 25 hadi 30, jambo ambalo Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari si rahisi. Asiye na jokofu aifunge insulini ndani ya kopo lisiloingia maji, aiweke ndani ya chungu kidogo, na chungu hicho akiweke ndani ya kingine kikubwa chenye mchanga uliolowekwa maji, mahali penye kivuli na upepo. Ubaridi wa chungu ambao bibi zetu waliutumia kwa maji ya kunywa unafanya kazi vilevile kwa dawa.

Hatua ya tatu: wafundishe wa nyumbani mambo mawili ya hatari

Hatua hii isivuke wiki ya kwanza. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mtu hutetemeka, hutoka jasho la baridi, moyo humwenda mbio, huwa mkali bila sababu na huongea kama mlevi. Mpe mara moja vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu kikombe cha soda ya kawaida, subiri dakika 15, pima tena, na rudia ikiwa bado iko chini. Akipata nafuu ale chakula. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu chochote mdomoni, kwa sababu kitaingia kwenye mapafu. Alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitali. Anayetumia insulini au glibenclamide atembee na kipakiti cha sukari mfukoni kama anavyotembea na simu.

Hatari ya pili huja polepole. Sukari iliyopanda sana pamoja na kutapika, maumivu ya tumbo, kupumua kwa nguvu na kwa kina, pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi au kusinzia kusiko kwa kawaida, ni safari ya hospitali usiku huohuo. Mara nyingi huanzishwa na homa au kidonda, au na mgonjwa aliyeacha insulini kwa sababu hali chakula. Mwenye kuumwa asiache insulini kwa uamuzi wake, na anayetapika au kuharisha sana akiwa anatumia metformin apate ushauri siku hiyo.

Hatua ya nne: pima kwa akili, maana vijiti ni ghali

Kabla ya kununua mashine, uliza bei ya vijiti vyake vya kupimia na kama vinapatikana kwenye duka la dawa la karibu, kwa kuwa mashine moja haikubali vijiti vya nyingine, na nyumba nyingi zina mashine ya zawadi iliyolala kabatini. Osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kuchoma. Aliyetoka kumenya embe na kugusa kijiti kwa kidole hichohicho atasoma sukari ya embe. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, ambako kuna maumivu machache, na badilisha vidole.

Asiyetumia insulini na mwenye vijiti vichache asivitumie ovyo. Njia inayofundisha zaidi ni kupima kwa jozi: pima kabla ya mlo mmoja, kisha saa mbili baada ya kuanza kula, na uandike ulichokula. Leo fanya hivyo kwa ugali na dagaa, wiki ijayo kwa wali na maharage. Baada ya jozi nane au kumi utakuwa na elimu ambayo hakuna mtu mwingine anayo, yaani jinsi mwili wako wewe unavyopokea vyakula vya nyumba yako. Kwa watu wazima wengi lengo ni kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya kula, ingawa wazee na wenye maradhi mengine huwekewa malengo legevu zaidi.

Hatua ya tano: jiko

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo ushauri wa mitaani ulipo mbaya zaidi. Anza na kinywaji kabla ya chakula. Mtu anayekunywa vikombe 4 vya chai kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko 3 vya sukari, amekunywa vijiko 12, sawa na gramu zinazokaribia 50, kabla hajagusa sahani. Sukari hii iliyo kwenye maji huingia kwenye damu kwa kasi kuliko ugali wowote. Punguza nusu kijiko kila wiki na ongeza tangawizi, iliki au mchaichai, na ulimi utazoea. Soda, juisi ya miwa na juisi ya matunda, hata ile iliyokamuliwa nyumbani bila sukari, ziwe ni kwa ajili ya siku sukari imeshuka. Asali nayo ni sukari, na kuiita dawa hakubadilishi kinachotokea kwenye damu.

Ugali haujakatazwa. Kinachotakiwa kubadilika ni kiasi na jirani zake kwenye sahani. Chora sahani kichwani: nusu yake iwe mboga kama mchicha, matembele, kisamvu, bamia au kabichi, robo iwe samaki, dagaa, kuku, mayai au maharage, na robo iliyobaki ndiyo ya wanga, ukubwa unaokaribia ngumi yako iliyofungwa, uwe ni ugali, wali, ndizi, muhogo, viazi au chapati moja. Maharage, kunde na choroko vina wanga pia, lakini nyuzinyuzi zake huuchelewesha, kwa hiyo anayekula makande apime kiasi bila kuogopa. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu haikukobolewa, lakini nimeona watu waliohamia dona wakaongeza tonge kwa kudhani kwamba sasa wanakula dawa. Uji wa lishe uliochanganywa nafaka tano nao ni wanga wa nafaka tano.

Kuna jambo ambalo vijitabu vya lishe havilisemi kwa sababu havikuandikwa katika nyumba zetu. Sisi hula kwenye sinia. Watu sita wakizunguka sinia moja la wali, hakuna anayejua amekula kiasi gani, na anayeacha mapema huulizwa kama chakula hakikumpendeza. Pakua chakula chako kwenye sahani yako, kisha kaa pale pale pamoja na wenzako mkila mkizungumza. Siku mbili za kwanza litaonekana jambo geni, baadaye litazoeleka. Vivyo hivyo, usikubali upikiwe chungu cha peke yako kisicho na chumvi wala mafuta wala furaha, kwa sababu mlo huo wa adhabu haudumu hata mwezi, na watoto wako, ambao wamerithi hatari ileile, wanafaidika zaidi wakila kama wewe.

Matunda yaliwe, lakini moja kwa wakati na likiwa zima: chungwa, kipande cha papai, nusu ya embe kubwa. Harusini na msibani kula pilau, ila anza na kachumbari na nyama, na usirudie. Mandazi na vitumbua vya asubuhi ndivyo mimi binafsi ningevitoa kwanza, kwa kuwa vina unga mweupe, sukari na mafuta kwa pamoja, na huliwa kwa mazoea zaidi kuliko kwa njaa.

Mwendo wa miguu uambatane na chakula. Dakika 30 za kutembea haraka kwa siku 5 za wiki zinafikisha dakika 150 zinazoshauriwa, na robo saa baada ya chakula cha usiku hushusha sukari kwa namna unayoweza kuiona kwenye mashine yako mwenyewe.

Hatua ya sita: miguu, kila usiku

Sukari ya muda mrefu huua mishipa ya fahamu ya nyayo taratibu, na mtu hukanyaga msumari asijue. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika kwenye majarida ya kitabibu kuhusu wagonjwa waliotafunwa vidole na panya usiku bila kuamka, kwa sababu mguu ulikuwa umekufa ganzi. Kwa hiyo kila usiku kaa penye mwanga, tazama nyayo zote mbili na katikati ya vidole, ukitumia kioo au macho ya mwanao. Osha kwa maji ya vuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko na si kwa mguu, kausha katikati ya vidole, paka mafuta penye ukavu lakini si katikati ya vidole. Usitembee pekupeku hata uani, kung'uta viatu kabla ya kuvivaa, na usikate sugu kwa wembe. Usiku lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, na usiache makombo chumbani. Kidonda chochote, hata kisichouma, na hasa kisichouma, kionwe na mhudumu ndani ya siku moja.

Hatua ya saba: moyo, ndoa na wanaokuletea dawa

Hasira na aibu za wiki za mwanzo ni za kawaida. Lakini ukiona majuma yanapita huli, hulali na huoni haja ya kumeza dawa, hiyo ni sababu ya kurudi kliniki kama ilivyo sukari kupanda. Mweleze mwenzi wako mapema. Wanaume wengi huficha kwamba nguvu za kiume zimepungua, jambo ambalo kisukari husababisha kwa kuharibu mishipa ya damu na ya fahamu, kisha ndoa inaingia shaka za michepuko na ulozi. Lina matibabu, na daktari amekwisha kulisikia mara nyingi. Kukutana na wenye hali hiyo hiyo husaidia pia. Tanzania kuna Chama cha Kisukari Tanzania, na kliniki nyingi za sukari zina siku maalumu ambapo wagonjwa hukaa pamoja tangu asubuhi, wakifundishana kwenye benchi mambo ambayo hayamo kwenye kadi.

Anayekuletea mlonge, mdalasini au maji ya bamia mshukuru. Mboga zile si adui. Adui ni sharti la kuacha vidonge, na chupa isiyo na maandishi, ambayo huwezi kujua imechanganywa nini.

Muislamu anayetaka kufunga Ramadhani aonane na daktari wiki 6 hadi 8 kabla, yaani ndani ya Rajabu, ili saa na vipimo vya dawa vipangwe upya. Kupima sukari kwa kuchoma kidole hakubatilishi saumu kwa mujibu wa wanazuoni wengi. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 afungulie, hata kama adhana imebakiza nusu saa. Wenye aina ya 1, wenye ujauzito na wenye figo dhaifu wako kwenye hatari kubwa zaidi, na dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa.

Hatua ya nane: miadi ya mwezi wa tatu

Mwezi wa tatu ndipo HbA1c inaanza kusimulia juhudi zako, kwa hiyo iombe. Kwa wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Mwenye aina ya 2 huenda ameishi na sukari miaka kadhaa bila kujua, hivyo macho yake yachunguzwe kwa kutanuliwa mboni mwaka huohuo wa kwanza na kila mwaka baadaye, hata kama anasoma gazeti bila miwani. Mkojo upimwe protini na damu ipimwe kreatinini, taka ambayo figo huichuja, kwa ajili ya figo, na shinikizo la damu lipimwe kila miadi, lengo la kawaida likiwa chini ya 130/80. Kisukari huongeza hatari ya kifua kikuu mara 2 hadi 3, kwa hiyo taja kikohozi chochote kilichofika wiki mbili. Ndugu wa damu wenye zaidi ya miaka 40, au walionenepa tumbo, nao wapimwe. Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, vituo vingi hupima bila malipo.

Nenda na daftari lako la jozi, pakiti zote za dawa zikiwemo za majani, na maswali matatu yaliyoandikwa, maana foleni ni ndefu na dakika za daktari ni chache. Na akianza kukuandikia tarehe ya kurudi kabla hajaangalia miguu yako, vua viatu na soksi, uiweke mbele yake.